Mausi moja, kompyuta tatu mezani: kifaa gani kinafaa kweli?

Msanifu_Temeke

Wakuu habari za leo. Nimezunguka maduka kadhaa Kariakoo na kila muuzaji ana jibu lake, kwa hiyo nalileta kwenu.

Kazi yangu ni kuchora majengo. Mezani nina kompyuta tatu. Ya kwanza ni desktopu yangu ya Windows yenye monita mbili, hiyo ndiyo ya kuchorea. Ya pili ni laptopu ya ofisi, na hiyo siruhusiwi kuweka programu yoyote, hata fonti lazima niombe kwa watu wa IT. Ya tatu ni kiboksi kidogo cha Linux kinachotunza mafaili na kutengeneza picha za 3D usiku. Nina mausi moja nzuri ya waya yenye vitufe vya pembeni, kibodi moja, na tablet ya kalamu ya Wacom. Meza imejaa, sitaki mausi tatu.

Nilinunua swichi ya USB ya kubonyeza kitufe, ya kompyuta nne. Inafanya kazi, ila nikihama nasubiri sekunde kadhaa kabla kishale hakijasogea. Desktopu ikilala wakati mausi iko upande wa laptopu, haiamki mpaka nibonyeze pawa. Na kuna siku Linux haioni mausi kabisa hadi nichomoe na kuchomeka tena.

Swali: swichi yangu ni mbovu au ndivyo zilivyo zote? Na nyie wenye meza kama yangu mnatumia nini? Bajeti ni laki mbili, nikishawishika naongeza.

Bwana_Kebo

Mkuu mbona hili dogo. Tafuta mausi ya Logitech yenye Easy-Switch, inakumbuka kompyuta tatu, unabonyeza kitufe inahama. Swichi na manyaya ya nini?

FundiSwichi

Msanifu, nianze na swali lako la kwanza: swichi yako haina ubovu. Ndivyo ilivyoundwa.

USB ina kanuni isiyo na mjadala, kwamba kifaa kimoja kina kompyuta moja ya kukitawala kwa wakati mmoja. Swichi ya kitufe inahamisha nyaya tu, inamkata huyu na kumuunga yule. Kwa kompyuta unayoiacha, mausi imechomolewa. Kwa ile unayoiendea, mausi ni mgeni anayebisha hodi upya kwenye nyumba aliyotoka dakika tano zilizopita, na lazima aulizwe tena jina na atokako. Kompyuta inaipa anwani, inasoma maelezo yake, inatafuta draiva, ndipo inaanza kuisikiliza. Hizo ndizo sekunde zako. Ndani ya swichi yako pia kuna habu, kile kigawanyi cha matundu ya USB, na habu yenyewe inapitia hatua hizo hizo kabla mausi haijafikiwa.

Desktopu kutoamka chanzo chake ni kile kile. Kompyuta iliyolala inaamshwa na kifaa ilicholala nacho. Mausi umeihamisha, nani aiamshe?

Tatizo hili ni la zamani kuliko USB yenyewe. Waliofanya kazi kwenye vyumba vya seva enzi za PS/2, lile tundu la duara lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, wanalijua vizuri. Mausi ya PS/2 ikipata umeme inajipima, inatuma baiti mbili, AA na 00, kisha inanyamaza. Haitumi mwendo wowote hadi kompyuta iipe amri F4. Sasa ukitumia swichi ya kuhamisha nyaya, mausi inapoteza umeme na kurudi, inakaa inasubiri amri, na kompyuta haina habari kwamba iliondoka, hivyo amri haitoki. Kishale kimekufa hadi uwashe mashine upya. Zilipokuja mausi za gurudumu ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mausi ya kawaida inatuma baiti tatu kwa kila mwendo na yenye gurudumu inatuma nne. Kompyuta ikisubiri nne huku mausi iliyoanza upya inatuma tatu, kishale kinarukia pembeni na menyu zinafunguka zenyewe. Watu walidhani ni virusi.

Dawa iliyopatikana wakati ule ndiyo tunayoitumia hadi leo: kuiga. Ndani ya swichi kila kompyuta inawekewa chipu yake inayojitambulisha kwamba ni mausi na iko pale muda wote. Mausi yako halisi inaongea na swichi peke yake. Swichi inasoma mwendo na kuupeleka kwa chipu ya kompyuta uliyoichagua, wakati zile nyingine zinaendelea kuona mausi iliyotulia. Hakuna kompyuta inayoona kitu kimechomolewa. Kuhama ni papo hapo, na kompyuta iliyolala unaweza kuiamsha.

Kwa hiyo ukienda dukani, swali la kwanza lisiwe "ina matundu mangapi". Uliza kama tundu la mausi linaiga. Muuzaji asipoelewa swali, omba kijitabu cha kifaa ukisome mwenyewe pale pale kaunta. Siamini maneno ya kwenye boksi.

Bwana_Kebo

Asante kwa somo, ila Easy-Switch inamaliza yote hayo bila chipu ya kuigiza. Au nakosea?

FundiSwichi

Kwa meza ya kawaida inamaliza mengi na siidharau. Mausi za aina hiyo zina njia tatu, na kila njia unaiunganisha kwa Bluetooth au kwa kipokezi cha USB. Laptopu ya ofisi iliyofungiwa Bluetooth unaichomekea kipokezi, haihitaji programu.

Angalia mambo haya lakini. Kibodi na mausi haviongozani. Ukihama unabonyeza kwenye mausi halafu unabonyeza tena kwenye kibodi, na kwenye mausi yao ya MX Master kitufe chenyewe kiko chini ya tumbo, unainua mausi kila mara. Ukitaka ihame yenyewe kwa kusukuma kishale ukingoni kuna kitu kinaitwa Flow, kilianza 2017, ila kinataka programu yao kwenye kila kompyuta na zote ziwe kwenye mtandao mmoja. Laptopu ya Msanifu hapo inatoka.

Jingine ni vipokezi. Unifying ilitoka 2009, Logi Bolt 2021, na haviingiliani. Mausi ya Bolt haisomwi na kipokezi cha Unifying. Nawaona watu wananunua mausi mtumba bila kipokezi wakidhani watatumia walichonacho nyumbani.

AfisaUsalama

Naongezea hapo kwenye vipokezi, kwa sababu kuna laptopu ya mwajiri kwenye hii hadithi.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack. Vipokezi vya mausi zisizo na waya, zile zisizotumia Bluetooth, kutoka kwa watengenezaji kadhaa wakubwa, vilikuwa vinakubali mibonyezo ya kibodi kutoka kwa mtu baki aliye hata mita 100. Kiini chake ni kwamba mawasiliano ya mausi mara nyingi hayakufichwa, kwani nani ataiba mwendo wa kishale? Lakini kipokezi kile kile kinapokea na kibodi. Logitech walitoa fimwea mpya, yaani programu ya ndani ya kipokezi, na Bolt imejengwa juu ya ulinzi wa Bluetooth. Shida ni vipokezi vya zamani vinavyozunguka sokoni ambavyo hakuna aliyewahi kuvisasisha.

Mausi ya waya ya Msanifu haina hatari hiyo. Ningeibakiza.

KaziNiKazi_NBO

Salamu kutoka Nairobi. Nashangaa mnazunguka na vyuma wakati programu zipo na ni bure. Ukiwa na Windows tupu, Mouse Without Borders ya Microsoft iko ndani ya PowerToys, kifurushi chao cha zana za ziada, tangu 2023. Ukichanganya Windows, Linux na Mac, kuna ukoo wa Synergy ulioanza 2001: Barrier ilitoka humo, Input Leap ikatoka kwa Barrier, na leo Deskflow ndiyo mzizi ambao Synergy yenyewe inajengwa juu yake. Mausi inabaki kwenye kompyuta moja, mwendo unasafiri kwa mtandao kupitia poti 24800. Unasukuma kishale ukingoni kinatokea skrini ya jirani, na hata maandishi uliyokopi yanahama nacho. Wenye Mac na iPad wanayo Universal Control tangu Machi 2022, hawahitaji hata kufikiria.

Mimi nina mashine mbili na sijui habari za swichi.

Msanifu_Temeke

Kaka NBO, laptopu ya ofisi haikubali programu. Nimelisema juu kabisa.

KaziNiKazi_NBO

Nimeliona dada, samahani kwa haraka. Lakini desktopu na kiboksi cha Linux ni vyako mwenyewe, sivyo? Hapo hakuna wa kukuzuia. Kwa nini vifaa vishughulikie kompyuta tatu wakati mbili zinaweza kusikilizana zenyewe? Weka Deskflow kati ya hizo mbili. Vifaa vibaki kwa laptopu ya ofisi tu.

FundiSwichi

Hilo wazo ni zuri kuliko nililokuwa naandika. Msanifu, lishike. Swali lako linashuka kutoka kompyuta tatu hadi mbili.

Tahadhari moja. Deskflow inaishi juu ya mfumo uliokwisha kuwaka. Linux ikikwama kabla ya kufika huko, au ukitaka kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, programu haipo na huna kibodi wala mausi. Usiache kiboksi hicho bila njia ya waya kabisa.

Na kama Linux yako inatumia Wayland badala ya X11 (hiyo ni mifumo miwili ya kuonyesha skrini kwenye Linux), chukua toleo jipya la Deskflow. Wayland kwa makusudi hairuhusi programu moja kusukuma kishale cha nyingine, na ilichukua muda kupatikana njia rasmi. Matoleo ya zamani ya Barrier hapo yanakwama.

MtazamaPicha

Nimeona uzi huu nikaona nichangie, maana kazini kwangu ndiyo maisha ya kila siku. Mimi nasoma picha za eksirei na CT. Mbele yangu kuna kompyuta ya picha yenye monita mbili za daraja la uchunguzi, kompyuta ya kuandikia ripoti, na ya mfumo wa hospitali. Kila moja ina skrini yake na zote nazitazama kwa pamoja, kwa hiyo KVM ya kawaida inayohamisha na picha haina maana kwangu. Kinachotumika ni KM: kibodi na mausi bila video.

Tofauti yake na swichi ya kitufe ni kwamba hubonyezi kitu. Unasukuma kishale kulia kinapita skrini hii kwenda ya jirani, na kibodi inafuata. Adder wa Uingereza wanaiita Free-Flow, ATEN wa Taiwan wanaiita Boundless, mfano CS724KM ya kompyuta nne. Hakuna programu kwenye kompyuta, na mtandao hauguswi. Ndiyo maana vifaa hivi unavikuta pia kwenye vyumba vya kuongozea ndege na kwenye meza za wauza hisa.

Nikiwa na mgonjwa wa dharura na picha zinafunguka, siwezi kuwaza kitufe kiko wapi. Jicho linakwenda, mkono unafuata. Kwa anayetazama skrini tatu siku nzima hii si anasa hata kidogo, shingo na kiwiko vinajua tofauti.

Kijana_wa_Mbezi

Swali la kitoto: bila programu, kifaa kinajuaje kwamba kishale kimefika ukingoni? Si kompyuta pekee ndiyo inajua kishale kiko wapi?

FundiSwichi

Si la kitoto, ndilo lenyewe.

Mausi ya kawaida haisemi "niko hapa". Inasema "nimekwenda kulia hatua tano, chini hatua mbili". Kompyuta inajumlisha, inaongeza na kasi ya kwake, ndipo inaamua kishale kikae wapi. Kifaa cha katikati hakiwezi kukisia matokeo, hasa ule mpangilio wa kuongeza kasi ya kishale ukiwa umewashwa.

Ujanja ni kubadilisha lugha. Kifaa kinajitambulisha kwa kompyuta kama kitu kinachotoa nafasi kamili, kama skrini ya kugusa inavyofanya: "kishale kiko asilimia 70 kulia, 40 chini". Kinasoma hatua za mausi yako, kinajumlisha chenyewe, kisha kinaiambia kompyuta mahali pa kukiweka. Kwa kuwa hesabu iko kwake, ukingo anaujua yeye. Unachofanya wewe ni kumweleza mpangilio wa skrini zako, nani yuko kushoto kwa nani.

Udhaifu unajitokeza pale pale kwenye ujanja. Kompyuta moja ikiwa na monita mbili, Windows huwa inatafsiri ile nafasi kamili kama ya monita kuu tu, na kishale hakitaki kuvuka kwenda ya pili. macOS nayo ina usumbufu wake. Watengenezaji wana njia zao za kuzunguka hilo, wengine wanakupa programu ndogo ya kuweka kwenye mashine yenye monita nyingi. Msanifu ana monita mbili kwenye desktopu, aulize hili kabla ya kutoa hela.

Pico_Mwanza

Nilikuwa nasubiri mtu afike kwenye nafasi kamili ili niseme DeskHop.

Ni mradi huria. Unajenga kifaa cha kompyuta mbili kwa kutumia Raspberry Pi Pico mbili, zile bodi ndogo zenye chipu ya RP2040 zilizotoka Januari 2021 kwa dola 4. Pico moja inachomekwa kompyuta A, nyingine kompyuta B. Kibodi inaingia upande mmoja, mausi upande mwingine, na Pico hizo mbili zinapeana habari kwa nyaya chache. Unasukuma kishale ukingoni, kinahama. Ukipenda kibonyezo kwenye kibodi, kipo pia. Kompyuta zinaona kibodi na mausi za kawaida tu, bila programu wala mtandao.

Ninachokipenda zaidi ni kati ya Pico hizo mbili. Pana chipu ya ADuM1201 inayopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Kompyuta A na B hazishiriki hata waya wa ardhi. Laptopu ya ofisi ikiwa kwenye chaja yenye hitilafu, au upande mmoja uko kwenye UPS na mwingine kwenye soketi ya ukutani isiyo na waya wa ardhi, hakuna umeme unaovuka kupitia mausi yako. Kwa nyumba nyingi za kwetu zilizofungwa umeme bila ardhi nzuri, hili ni jambo kubwa, na swichi nyingi za dukani hazina.

Kulehemu si kazi kubwa kwa anayeshika chuma cha moto, na faili za bodi ni wazi kwa yeyote anayetaka kuagiza. Lakini nakubaliana na FundiSwichi: usumbufu wa monita mbili kwenye Windows na DeskHop nayo inao, wameandika hivyo wenyewe kwenye maelezo ya mradi na kuna mpangilio wa kuupunguza.

Msanifu_Temeke

Pico_Mwanza umenitamanisha ila kulehemu sijui. Ningependa nimpate mtu Dar wa kunitengenezea, hiyo iwe ya baadaye.

Hiyo ya umeme imenishtua. Swichi yangu ya sasa ikichomekwa, laptopu ikizimwa kuna taa ndogo kwenye swichi inabaki inawaka hafifu. Ni kawaida?

Pico_Mwanza

Ipime leo leo. Swichi nyingi za bei ya chini zimeunganisha waya wa volti 5 wa kompyuta zote pamoja bila hata dayodi. Maana yake kompyuta inayowaka inasukuma umeme ndani ya tundu la kompyuta iliyozimwa. Kuna laptopu zinavumilia, kuna bodi zinashindwa kuwaka vizuri, na kuna matundu yanakufa polepole.

Acha swichi imechomekwa kwenye desktopu pekee, ikiwa imewaka. Chomoa upande wa laptopu, ule mwisho wa kebo unaoingia kwenye laptopu uuache hewani. Chukua mita, weka DC volti, gusa pini mbili za nje za kichwa cha USB kile bapa, uangalie ncha za mita zisigusane. Isome karibu na sifuri. Ukiona 4 na kitu au 5, swichi inarudisha umeme. Usiichomeke tena kwenye laptopu ya watu.

Msanifu_Temeke

Nimepima na mita ya shemeji. 4.6. Nimeichomoa.

Bwana_Kebo

Duh. Na mimi naenda kupima yangu sasa hivi.

AfisaUsalama

Nirudi kwa mwajiri wa Msanifu, maana watu hulipita hili haraka.

Ukiweka laptopu ya ofisi na kompyuta yako kwenye kifaa kimoja, umejenga daraja kati ya sehemu mbili ambazo mwajiri anadhani hazigusani. Kwa mausi na kibodi pekee daraja ni jembamba. Linakuwa pana pale kifaa kinapokuwa na matundu ya habu, ukachomeka flashi humo, ikahama nawe kutoka nyumbani kwenda ofisini kila ukibonyeza.

Serikalini na jeshini wamelifikiria hadi mwisho. Marekani wana viwango vya NIAP, mpango wa serikali yao wa kukagua usalama wa vifaa vya kompyuta, kwa swichi za kushiriki vifaa: data inatoka kwa mausi kwenda kwa kompyuta tu na hairudi, tundu linakataa kitu chochote kisicho kibodi au mausi, kumbukumbu ya ndani inafutwa kila unapohama, na hata taa ya Caps Lock inazuiwa. Taa hiyo inawashwa na kompyuta, na kama kompyuta moja inaweza kuiwasha na nyingine kuisoma, mna njia ya siri ya kupitisha habari, hata kama ni polepole.

Wewe huhitaji swichi ya daraja hilo, bei yake itakukimbiza. Unachohitaji ni mambo mawili. Mwandikie mtu wa IT barua pepe fupi umwambie unataka kutumia swichi ya kibodi na mausi isiyo na programu, upate jibu la maandishi. Na matundu ya habu ya swichi hiyo usiyatumie kwa flashi kamwe.

Msanifu_Temeke

Nimeandika. Wamejibu ndani ya siku hiyo hiyo, wamekubali mradi isiwe na sehemu ya kuchomeka flashi inayotumika.

Sasa tablet ya Wacom? FundiSwichi umesema tundu la kuiga linaelewa mausi. Kalamu je?

FundiSwichi

Tundu la kuiga linaelewa mausi na kibodi za kawaida. Tablet ya kalamu ina draiva yake, mgandamizo wake, maelezo yake marefu. Ukiichomeka hapo, ama haitaonekana ama itageuka mausi butu. Vile vile SpaceMouse ya wanaochora 3D. Hivi vinakwenda kwenye tundu la habu la swichi, lile lisiloiga, na vinahama kwa kubisha hodi.

Ila kwako mbona rahisi. Unachora kwenye desktopu pekee. Tablet ichomeke moja kwa moja nyuma ya desktopu na ikae hapo.

Kijana_wa_Mbezi

Na sisi wa gemu? Mausi yangu ni ya 1000 Hz.

FundiSwichi

Chipu nyingi za kuiga zinaripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Mausi yako inaripoti kila milisekunde 1. Ukipitia hapo, nyingi ya ripoti zako zinaunganishwa pamoja na utalihisi. Kwa kuchora au Excel hakuna atakayejua. Kwa gemu tafuta inayonakili maelezo ya mausi halisi, au chomeka mausi kwenye tundu lisiloiga na ukubali kusubiri.

Msanifu_Temeke

Wakuu narudi na majibu.

Nimepata KM ya kompyuta nne iliyotumika, haina video, tundu la mausi linaiga. Nilisoma kijitabu dukani kama mlivyosema, muuzaji akanishangaa. Nimeipima kwa mita kabla ya kulipa, pini za nje zimesoma sifuri. Haina ile ya kupita ukingoni, ni ya kibonyezo, kwa sababu ya monita zangu mbili sikutaka kubahatisha.

Tundu la 1 desktopu, la 2 laptopu ya ofisi, la 3 Linux kwa siku ikigoma kuwaka. Siku za kawaida Linux naifikia kwa Deskflow kutoka desktopu, na NBO nakushukuru sana, kukopi anwani ya faili huku na kuibandika kule ni raha ambayo sikuitarajia. Kuhama desktopu kwenda laptopu ni papo hapo. Desktopu ikilala naiamsha kwa kutikisa mausi.

Yamebaki mawili. Kibonyezo cha kuhama ni Scroll Lock mara mbili na kibodi yangu ndogo haina Scroll Lock. Na vitufe vya pembeni vya mausi vimekufa, navyo navitumia kurudi nyuma kwenye michoro.

FundiSwichi

Hongera dada. La kwanza: vifaa vingi vya namna hiyo vinakuruhusu kubadilisha kibonyezo kiwe Ctrl mara mbili. Azima kibodi kubwa yenye Scroll Lock kwa dakika chache, ingia kwenye mpangilio kama kijitabu kinavyoelekeza, badilisha, rudisha kibodi ya watu.

La pili ni bei ya kuiga. Chipu inajitambulisha kama mausi ya vitufe vitatu na gurudumu, kwa hiyo cha nne na cha tano havina mahali pa kupita. Tafuta kwenye kijitabu amri ya kuzima uigaji wa mausi, nyingi zinayo. Ukiuzima, vitufe vinarudi ila na kule kusubiri kunarudi kwa mausi, wakati kibodi inabaki papo hapo. Desktopu utaiamsha kwa kibodi.

Msanifu_Temeke

Ctrl mara mbili imekubali. Uigaji wa mausi nimeuzima nikajaribu, vitufe vikarudi, lakini siwezi tena kuvumilia kusubiri baada ya kuonja papo hapo. Nimeuwasha tena. Kurudi nyuma kwenye michoro nimekuhamishia kwenye kitufe cha kalamu ya Wacom, kwa kuwa iko kwenye desktopu muda wote.

Pico_Mwanza

Ukimpata wa kulehemu Dar niambie, nitakutumia orodha ya vipuri vya DeskHop. Bodi yake inabeba na vitufe vya pembeni.

Msanifu_Temeke

Nitumie tu, shemeji mwenye mita anasema anajaribu.